Kaka Hamisi, Google usiifunge

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Kaka Hamisi,

Habari za Masasi? Huku joto tu na foleni, hayo hayana jipya. Bibi mpe shikamoo yangu, na Chande mwambie deni lake nalikumbuka, asinikwepe kwenye simu.

Nije kwenye ujumbe wako wa sauti, ule wa dakika saba. Unataka kamati ikubali kompyuta zote kumi za maktaba zifungwe Google, msomaji akiwasha akutane na Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo, basi, kwa kuwa "kamusi elezo ndiyo itakayoizika Google". Najua Mwalimu Rehema alicheka. Mimi naona robo tatu ya wazo lako ni nzuri, na robo iliyobaki itakugombanisha na wazazi wa mji mzima.

Robo yenyewe ni hii. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani, yakitoka, mtoto hayafuati kwenye kamusi elezo. Bei ya korosho kwenye mnada wa juzi, fomu ya kujiunga na kidato cha tano, nauli ya basi la Mtwara: hayo ni maswali ya leo, na kamusi elezo haikutengenezwa kwa ajili yake. Yenyewe ina nguvu kwenye maswali ya kujua. Ini hufanya kazi gani? Vita vya Maji Maji vilianza mwaka gani? Hapo msomaji hahitaji viungo milioni mbili, anahitaji ukurasa mmoja uliotulia.

Halafu wapo waliokutangulia, tena wenye fedha kuliko kamati yako. Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wa Wikipedia, alifungua Wikia Search Januari 2008 akitaka watu wenyewe ndio wapange matokeo ya utafutaji. 2009 ikafungwa. Google nao mwaka uleule wa 2008 walitoa Knol, makala zenye jina la mwandishi juu, watu wakasema Wikipedia imekwisha. Knol ilifungwa 2012. Kila mmoja aliingia jikoni kwa mwenzake akaungua vidole.

Maana ugomvi haupo kwenye makala, Hamisi. Upo mlangoni. Kwenye kesi ya Marekani, ile ambayo Agosti 2024 jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google wamehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, ilionekana kuwa mwaka 2021 pekee walilipa zaidi ya dola bilioni 26 ili wawe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari. Mkubwa wa soko, bado analipa kodi ya kukaa mlangoni! Wewe milango kumi unayo bure, umeshika na funguo.

Kwa hiyo usifunge kitu. Badili mlango. Kwenye Chrome ingia kwenye mipangilio, sehemu ya injini ya utafutaji, kisha mahali pa kusimamia injini na tovuti, uongeze mpya. Jina andika Wikipedia, njia ya mkato weka w, anwani iwe hivi:

https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s

Hiyo %s ndipo neno la msomaji linapoingia, ikikosekana neno halifiki popote. Ukishahifadhi, bonyeza vidoti vitatu pembeni yake uifanye ndiyo ya kwanza. Google ipe herufi g. Mtoto akiandika "ini" anafika kwenye kamusi elezo, akitaka matokeo ya NECTA anaandika g, anabonyeza Tab, anaendelea. Wazazi hawatakuwa na la kusema.

Dawa hiyo inakubali kwenye tovuti nyingi zenye kisanduku cha kutafutia. Tafuta humo neno lolote, mfano "ardhi", nakili anwani inayotokea juu, kisha palipo na "ardhi" weka %s. Ijaribu kwenye TanzLII, ambako hukumu na sheria zetu zinasomwa bure. Mzee Nampoto na kesi yake ya shamba atakushukuru kuliko kamati nzima.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyekuambia, nalo ndilo litakalokuangusha. Kisanduku cha Wikipedia hakijui ngeli. Programu inayotafuta humo inajua kwamba Kiingereza huongeza s mwishoni, lakini Kiswahili hubadilika kichwani, na kanuni za lugha yetu haina. Kwake "kimbunga" na "vimbunga" ni maneno mawili yasiyojuana, sawa na "mwalimu" na "walimu". Kile kinyota (*) cha kumalizia neno hakikusaidii kitu, kwa sababu chetu kinachobadilika kiko mbele. Basi bandika karatasi ukutani: TAFUTA KWA UMOJA. Vichwa vya makala kwa kawaida viko kwenye umoja. Neno likileta makorokoro, waandike intitle: likifuatiwa na neno bila nafasi, yaani intitle:korosho, waletewe tu makala zenye neno hilo kwenye kichwa.

Hilo la wingi unaweza hata kulitibu mwenyewe. Fungua akaunti, anzisha ukurasa wenye kichwa cha wingi kama haupo, ndani uandike mstari mmoja tu: #REDIRECT [[Kimbunga]]. Atakayeandika "vimbunga" anapelekwa kwenyewe. Vijana wako wa klabu wakifanya ishirini kila Jumamosi... haya, nisikupangie kazi.

Na hao unaowaita wapinzani, huo upinzani sijui niuite nini. Mwishoni mwa 2009 Google ndio waliodhamini shindano la wanavyuo wa Kenya na Tanzania kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili. Mpinzani gani anamlimia mwenzake shamba? Ila na mavuno anachukua. Tangu 2012 wanaweka jibu kwenye kisanduku pembeni, mengi yametoka Wikipedia, na siku hizi juu kabisa kuna muhtasari wa akili mnemba. Msomaji anasoma hapohapo anaondoka, haoni kitufe cha "hariri" wala ombi la mchango. Hii ndiyo hoja ya kuipeleka kwenye kamati, kuliko ile ya kuzikana.

Kuhusu bando kuisha katikati ya mwezi: weka Kiwix, programu ya kusomea tovuti zilizopakuliwa. Unapakua faili moja la ZIM, aina ya faili inayosomwa na Kiwix, na Wikipedia nzima ya Kiswahili inasomeka bila intaneti. Jina la faili likiwa na maxi lina picha, nopic halina, mini ni utangulizi tu wa kila makala. Chukua maxi. Ya Kiingereza yenye picha usiitamani, inapita GB 100. Ukiwa na faili linalozidi GB 4 na flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, itakataa kunakili hata kama nafasi ipo tele. Ifomati kwa exFAT. Kompyuta moja iwe seva kwa kiwix-serve, programu ya Kiwix ya kugawia wengine, zile tisa zisome kwake, ila ipe anwani ya kudumu kwenye ruta, la sivyo umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa namba nyingine na zote tisa zikabaki zinatazama ukuta. Na faili halijisasishi. Tarehe iko kwenye jina lake, lipakue upya kila baada ya miezi kadhaa.

Flashi nitakununulia Kariakoo, lakini kabla ya kuituma nitaipima kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi. Zimejaa zinazojitangaza GB 64 na ndani hazifiki hata 8, zinameza faili kimyakimya halafu halifunguki.

Sasa nijibu haraka. Kompyuta ni Windows gani, zote sawa? Ruta nenosiri lake analo nani, bado ni yule fundi aliyehama? Kamati inakaa lini? Na Rehema, amecheka kwa kukataa au kwa kukubali? Maana kwake vinafanana.

Wako,
Seleman

N.B. Basi likija huku, korosho. Zilizobanguliwa, siyo kama za mwaka jana.