Tumemaliza! Sasa tubishane

Wasomaji wenzangu, habari za jioni. Tangu mmalize Black Leopard, Red Wolf, riwaya ya Marlon James, simu yangu haitulii. Ambao bado mko katikati, rukeni ujumbe huu.

Nadharia iliyonishika ni kwamba Tracker, msimulizi wa riwaya hii, anatupiga chenga. Kumbukeni yuko kifungoni, anamsimulia mtu anayemhoji, na kifo cha mtoto anakitangaza kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Mtu wa namna hiyo ana kila sababu ya kupaka hadithi rangi. Mimi hasira yake naiamini; mpangilio wake wa matukio, hapana. Mnaomtetea njooni na kurasa, si sauti kubwa tu.

Sogolon, yule mchawi, tusimhukumu kwanza. Kitabu cha pili cha mfululizo huu, cha 2022, kinampa nafasi ya kueleza upande wake. (Na aliyeuliza kuhusu Sasabonsam, yule zimwi: hakubuniwa na Marlon James, anatoka katika masimulizi ya Waakan wa Ghana.)

Tukutane Jumamosi saa nane mchana, bustani ya Arboretum, Nairobi, lango la State House Road. Beba leso ya kukalia. Nani ana nakala ya kitabu cha pili atuazime?