Barua kwa swahiba: Drogba na mdogo wako

Temeke, Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Salamu nyingi toka huku. Mvua zinatusumbua kidogo, ila nyumbani wote wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeipata, na hilo la mdogo wako kuachwa kwenye usajili limeniuma sana. Unasema ana miaka 21, kaona umri umekwenda, anataka kutundika daluga akakae dukani. Msomee haya. Najua anampenda Drogba, yule mshambuliaji wa Ivory Coast, ila nadhani anamjua yule wa Chelsea tu.

Umri huohuo wa miaka 21 ndipo Didier Drogba alipopata mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, tena Le Mans, daraja la pili la Ufaransa. Alitolewa Abidjan akiwa na miaka mitano kwenda kulelewa na ndugu yao Michel Goba, aliyekuwa akicheza soka huko. Mwanzoni alipangwa beki wa kulia! Goba ndiye aliyemhimiza asogee mbele. Le Mans majeraha yakamwandama. Ligi kuu ya Ufaransa aliionja Januari 2002, Guingamp walipomchukua, akikaribia miaka 24. Msimu uliofuata akapachika mabao 17 ya ligi, akapita Marseille mwaka mmoja, na 2004 Chelsea wakamlipia pauni milioni 24.

Unakumbuka Januari 2010 Ivory Coast walipokuja kucheza na Taifa Stars, uwanja ule tunaouita kwa Mkapa siku hizi? Walitufunga moja bila, bao la Drogba. Nilikuwa jukwaa la mzunguko, na hadi leo naona alivyokuwa akiusubiri mpira: anampa beki mgongo, anatanua mikono kidogo, anamkalia. Mpira ukitua kifuani, beki wetu hana pa kupita. Kwa maoni yangu ujuzi ule aliutoa daraja la pili, kwa kusukumana na mabeki ambao hakuna aliyewajua.

Halafu 2012. Februari, fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Libreville, alikosa penati ndani ya dakika 90, na Zambia wakabeba kombe kwa matuta, zile penati za kuamua mshindi. Kombe hilo hakulipata kamwe. Wenzake walilichukua 2015, yeye ameshastaafu timu ya taifa. Hilo linaniuma mpaka kesho. Lakini Mei 19 mwaka uleule wa 2012, Munich, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Bayern wanaongoza, dakika ya 88 Chelsea wakapata kona yao ya kwanza ya mchezo mzima. Mata akachonga, Drogba akawahi nguzo ya karibu, kichwa, wavuni. Kibanda umiza chetu kililipuka, watu wasiojuana wakakumbatiana. Penati ya mwisho ya matuta akapiga yeye, ubingwa wa Ulaya ukaenda London. Jamaa aliyekosa Februari aliutaka mpira tena.

Alicheza hadi 2018, akiwa na miaka 40.

Sasa sikia. Kuna timu ya daraja la chini hapa mtaani inafanya majaribio ya vijana, mazoezi asubuhi. Kocha nimeshaongea naye, kasema nimlete. Chumba cha uani kipo wazi, chakula atakula tunachokula sisi. Mpandishe basi Jumapili, nitampokea mwenyewe stendi ya Magufuli. Aje na viatu vyake, na mama nisalimie sana.

Wako,
Swahiba wa Temeke