Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wafugaji wa Samaki, Rungwe: Januari hadi Desemba 2024

Ndugu Mlezi wa chama, wazee wetu, ndugu wanachama mliofika na wale watakaosimuliwa, habari za asubuhi.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Nane Nane tulikwenda viwanja vya John Mwakangale na perege wetu na kambale wawili, tangi likavuja siku ya pili, tukaliziba. Mfereji wa juu umezibuliwa mara mbili. Misiba mitatu tulihudhuria na rambirambi zilifika. Mafunzo ya kuchanganya pumba na dagaa yalifanyika. Afisa uvuvi alitutembelea mara moja.

Fedha: tulianza mwaka na shilingi 1,140,000, ada ikaingiza 420,000, mauzo ya vifaranga 930,000, matumizi yote 1,985,000, salio ni 505,000. Mweka hazina ana vitabu, asiyeamini akavione. Ila mnielewe kuhusu hiyo ada. Tuko wanachama 58 na ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka mzima. Waliolipa ni 21. Mkutano wa Aprili walifika 14, akidi haikutimia, lakini soda 40 zilizonunuliwa ziliisha. Sijawahi kuelewa hesabu hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo limewaleta leo wengi ambao sijawaona tangu masika: vifaranga vya Juni, na kwa nini niliwafungia geti wenzangu.

Kwanza, kuagiza Juni halikuwa wazo langu. Lilipitishwa na wale 14 wa Aprili, ambao kikatiba hawakuwa na uwezo wa kupitisha kitu. Nilipinga kwa mdomo. Muhtasari hauonyeshi kwa sababu katibu alichelewa kufika siku hiyo, naye ni shahidi.

Vifaranga 6,000 wa perege walitoka bondeni Kyela, ambako ni takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu tuko kama mita 1,500. Nilitumbukiza kipimajoto kwenye mfuko wa kwanza kikasoma nyuzi 26. Maji ya simtanki alfajiri hiyo yalikuwa nyuzi 16. Nikaielesha mifuko tangini na kuchanganya maji kidogo kidogo mpaka jua likatoka, mke wangu akiniletea chai pale pale. Perege ni samaki wa joto, hustawi kati ya nyuzi 26 na 30. Akishuka kufikia nyuzi 16 hivi anaacha kula, na kinga yake ya mwili inalegea, maana damu yake hufuata joto la maji. Kwa hiyo tuliwapokea wakiwa wameshadhoofika kabla hata hawajaguswa na ugonjwa.

Baada ya siku chache nikawaona wanajisugua ukutani mwa tangi. Saa kumi na moja alfajiri nikachukua kifaranga mmoja, nikamweka kwenye sahani nyeupe yenye maji, nikammulika kwa tochi. Mapezini na mgongoni alikuwa na vidoa kama chembe za chumvi. Ni ugonjwa wa madoa meupe.

Karatasi tuliyopewa na muuzaji inasema tia chumvi kwa siku 12, kisha wapeleke bwawani. Siku ya 13 wanachama walifika na ndoo zao. Nikakataa. Niliwazuia vifaranga siku 18 zaidi, jumla siku 30. Maneno niliyoambiwa getini siyarudii mbele ya Mlezi. Na ile kwamba mwenyekiti anafuga wagonjwa ili apate kodi ya matangi yake nimeisikia hadi sokoni Tukuyu. Kodi hiyo ni shilingi 150,000, iliidhinishwa na kamati, na mimi nilitoka nje wakati wa kuijadili.

Naomba mnisikilize hapa taratibu. Kile kidoa ni kimelea kilichojificha chini ya ngozi ya samaki, na akiwa humo chumvi haimpati. Akishiba anatoka, anazama chini ya tangi, anajifunika gamba, nako chumvi haimsumbui. Ndani ya gamba anajigawa hadi kutoa watoto mamia, hata elfu. Watoto hao wanaogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi wanakufa. Hawa waogeleaji peke yao ndio chumvi inaowaua. Kwa hiyo mnatia chumvi leo na kesho na keshokutwa mkiwavizia watoke.

Wanatoka lini? Hapo ndipo joto linapoamua. Maji yakizidi nyuzi 24, mzunguko mzima humalizika kwa kama siku nne. Yakishuka chini ya nyuzi 7, unazidi wiki tano. Sisi wa nyuzi 16 tuko katikati. Ile karatasi iliandikwa kwa maji ya Kyela, ambako siku 12 ni mizunguko mitatu. Hapa kwetu siku 12 ni mzunguko mmoja kwa shida. Mngewabeba siku ya 13 wakiwa safi machoni, na wadudu wangali chini ya ngozi na kwenye magamba.

Kuna mzee wetu mmoja aliyesema baridi ingewamaliza wadudu wenyewe. Kwa heshima zote, Shikamoo mzee, baridi yetu inamchelewesha tu. Anayeangushwa na baridi ni samaki.

Mwingine akasema tungewatibu huko huko bwawani. Bwawa la mita 10 kwa 20 lenye kina cha mita moja lina lita 200,000. Kwa gramu 2 za chumvi kwa lita, ni kilo 400, yaani mifuko minane ya kilo 50, na maji ya mfereji yakiingia unaanza upya. Tangi la lita 1,000 linataka kilo mbili. Nani angechanga hiyo mifuko minane? Wale 37 wasiolipa ada?

Walikufa vifaranga 1,350. Sifichi. Wengi walikufa wiki ya kwanza, kabla sijakataa lolote. Siku moja kijana wangu alibadilisha maji yote kwa mpigo kwa maji ya chemchemi, baridi kama barafu, na mimi sikuwepo. Hilo nalikubali kama kiongozi. Lakini wale 4,650 waliobaki ndio mliowanunua kwa shilingi 200 kila mmoja, na tangu waingie mabwawani sijaletewa malalamiko ya madoa hata kutoka bwawa moja. Pongezi nazo sijaletewa.

Wenzetu watatu wa upande wa Kyela wana kilio chao: kile kimelea kinachojichomeka ubavuni na kuning'inia kama uzi. Huku juu hatujakiona, kwa sababu hakizaliani maji yakiwa chini ya nyuzi 15 hivi, na hayo ndiyo maji yetu ya Julai. Tusiwacheke. Sisi Septemba maji yakianza kupata joto tunao wale minyoo wadogo wa ngozi na matamvua. Kuna aina ambayo mama anazaa mtoto ambaye tayari ana mimba, na joto likipanda wanaongezeka ndani ya siku chache. Kamateni samaki wawili watatu Septemba, mwangalie matamvua kama yamefunikwa na ute. Na wavu wa bwawa moja usiingie bwawa jingine ukiwa mbichi. Uanikeni juani kwanza. Hili nimelisema miaka mitatu.

Kwa mwaka ujao, kamati ina matumaini ya kuwa na kituo chetu cha kuzalisha vifaranga, wafadhili wakipatikana. Napendekeza pia tusiagize chochote kutoka bondeni kati ya Mei na Agosti. Wanaotaka nipumzike uenyekiti, uchaguzi ni ajenda namba saba, na anayepiga kura ni aliyelipa ada.

Mwisho, chama kilinunua vipimajoto sita. Vitatu ninavyo mimi na vitatu viliazimwa Julai. Kimoja nimeambiwa kinapimia maziwa. Vyote virudi kwa katibu kabla ya chakula cha mchana.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti