Ndege ghorofa ni ya faida ya nani?

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu ya ukurasa wa safari ya kuisifia Airbus A380 imenitoa kimya. Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Mwandishi wenu amehesabu injini nne, ghorofa mbili, mabawa ya karibu mita 80 na kibali cha kubeba hadi abiria 853, basi akaona kazi imekwisha. Abiria mwenyewe anapata nini? Hilo hakuliuliza.

Nimeipanda. Ikiwa hewani imetulia, kelele yake ndogo, siibishii. Balaa liko chini. Tulikuwa tunatoka Marekani kumtazama shemeji yangu, nimefuatana na mama mkwe, mtu mzima, magoti yanamsumbua, ameandikiwa kiti cha magurudumu. Tulipangiwa kubadilisha ndege Ulaya, kisha Dar moja kwa moja. Tukachelewa kuondoka kwa sababu kuna abiria waliokata tiketi, wakakabidhi mizigo, wasionekane mlangoni. Mizigo yao ikabidi ichakurwe tumboni mwa ndege ishushwe. Kwenye ndege ya watu mia tano watu wa namna hiyo hawakosekani! Tulipotua, wakubwa wa ghorofa ya juu wakatoka kwa mlango wao, wameshakunywa kahawa yao, huku sisi wa mkiani tumebanana kwenye ujia, mtoto analia, begi la mtu liko begani kwangu. Anayengoja kiti cha magurudumu hushuka wa mwisho, ndio utaratibu. Kiti kikaja. Mbele tukakuta ndege nzima imejipanga kwenye mashine mbili za ukaguzi. Tunafika mlango wa Dar, umefungwa, na ndege tunaiona kwa macho kupitia kioo. Tukapewa vocha ya mkate na pole ya Kiingereza. Mama mkwe akalala kwenye viti vya chuma amejifunika kanga, na mimi, ambaye kwa heshima hata kula mbele yake naona haya, nikakesha pembeni namlindia viatu.

Sasa mwandishi wenu aniambie huo ndio usafiri wa kesho. Kesho ipi? Airbus walikabidhi ndege hizo 251 tu, ya mwisho Desemba 2021, na baadhi ya zile za kwanza kabisa zilikatwakatwa kule Tarbes, Ufaransa, kabla hazijafikisha miaka kumi na mbili. Air France waliziacha mwaka 2020. Injini nne zinakunywa mafuta, na viti vyote hivyo kuvijaza kila siku ni kazi. Najua mtanitajia Emirates, waliochukua 123, karibu nusu ya zote. Sawa, lakini biashara yao ni kuwakusanya watu wa dunia nzima Dubai na kuwagawa upya, na hilo linamfaa mwenye kituo. Sisi wa huku ndege hiyo haitufuati Dar wala Nairobi kwa safari za kawaida, kwa hiyo kuipanda ni lazima kwanza ubebwe na nyingine. Kenya Airways walipoanza Nairobi hadi New York bila kituo, Oktoba 2018, walitumia Boeing 787 yenye viti 234. Unakaa, unashuka, umefika. Hiyo mbona hamkuiandikia ukurasa?

Na hapa niwaguse abiria wenzangu, maana nao wamo. Mtu ana begi la mgongoni, mkoba, mfuko wa maduka ya uwanjani, na blanketi la mfuko wa zipu ambalo anadai ni la kujifunikia. Matairi hayajapoa keshasimama, kiwiko chake kiko sikioni mwako, na ukimuuliza anawahi wapi, anakwenda mjini tu, hana ndege nyingine!

Pendekezo langu ni hili. Kabla ya kutua, wahudumu wagawe karatasi nyekundu kwa kila mwenye ndege ya kuunganisha ndani ya saa mbili, hata awe amekaa karibu na choo. Wenye nyekundu wasimame kwanza, na wenye kiti cha magurudumu wapewe mlango wao. Wengine wote, wa ghorofa ya juu wakiwemo, mikanda ibaki imefungwa. Mashirika yakisema hayana bajeti, rimu ya karatasi za rangi nitawanunulia mimi Kariakoo.

Abiria wa safu za nyuma,
Dar es Salaam