Shukrani kwa aliyeninyooshea nyaya za krosova

Nilitoa spika zilizokuja na gari, nikafunga mpya: kila mlango wufa (spika ya besi), twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) na krosova yake (kifaa kinachozigawia sauti hizo spika mbili). Nilipowasha redio, besi karibu yote ilipotea, na twita ya kushoto ikawa inakwaruza.

Nikaomba msaada, ndugu mmoja tusiyefahamiana akaniomba picha. Aliikuza ya krosova ya kushoto, akaona nyaya za wufa ziko penye twita, na za twita penye wufa. "Zima redio sasa hivi, kaka, hiyo twita itaungua." Kisha akanieleza kwa utulivu: ndani ya krosova, koili (waya uliozungushwa) huzuia sauti nyembamba zisiende kwenye wufa, na kapasita (kijisehemu kingine cha umeme) huzuia besi isiifikie twita. Maelezo ya boksi niliyasoma mara tatu bila kulielewa hilo!

Nikarekebisha, besi bado hafifu. Akaniambia nichomoe nyaya za wufa kwenye krosova, niziguse kwa betri ndogo ya volti 1.5, kugusa na kuachia tu, chanya kwa chanya. Spika ya kulia ilisukuma nje. Ya kushoto ikaingia ndani. Kumbe kushoto chanya na hasi zilipishana: moja inasukuma, nyingine inavuta, besi zinauana. Nikageuza nyaya mbili, besi ikajaa gari zima.

Alikaa nami hadi usiku wa manane, hakutaka hata senti. Asante sana ndugu yangu, Mungu akuzidishie. Nanyi mafundi, mtu akiwaletea picha ya nyaya zake, tafadhali ikuzeni mtazame.