Msimchonganishe Musa na manabii

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Wiki iliyopita kwenye ukurasa wa dini mwandishi wenu kasema Agano la Kale linajipinga lenyewe, huku Musa anaagiza mbuzi na ng'ombe wachinjwe, kule Amosi anasema Mungu hataki hata kuziangalia, kwahiyo eti manabii walikuja kuifuta kazi ya makuhani. Mi si mchungaji, kazi yangu ni kuuza mbuzi mnadani, ila pale naona kasoma nusu nusu.

Aangalie kwanza Amosi alikuwa anaongea na nani. Mfugaji wa Tekoa, katoka kusini Yuda kaenda mpaka Betheli, penye madhabahu ya mfalme wa Israeli, karne ya 8 kabla ya Kristo, na kabla hajafika kwenye ile "nazichukia sikukuu zenu" ya sura ya 5 alishawataja sura ya 2: wanamuuza maskini kwa jozi ya viatu, halafu wanajinyoosha kando ya madhabahu juu ya nguo walizochukua rehani. Hebu tulieni hapo kwenye nguo. Sheria hiyohiyo ya Musa, Kutoka 22, inasema ukichukua vazi la mwenzio rehani mrudishie kabla jua halijazama, maana ndo hilohilo anajifunikia usiku. Sasa huyu bwana kalitandika chini analilalia, mwenye nguo yuko kwake anatetemeka na baridi, na yeye anataka sadaka yake ipokelewe! Amosi hakuleta dini mpya, kawakumbusha ya Musa.

Tena Walawi penyewe, kile kitabu ambacho wengi tunakiruka tukisema ni cha damu na mafuta tu, sura ya 6 mwanzoni inasema ukimdhulumu mwenzio unarudisha chote, unaongeza na sehemu ya tano juu, unampa mwenyewe siku hiyohiyo unayoleta sadaka yako ya hatia. Yaani kama ulichukua 100 unalipa 120, ndo kondoo wako anakuwa na maana. Na sura ya 5 asiye na kondoo alete hua wawili, hana hua alete unga. Hiyo siyo dini ya matajiri jamani.

Halafu kuna Malaki, ambaye mwandishi hakumgusa kabisa, labda kwasababu anaharibu hoja. Huyu analalamika kinyume: mnaleta wanyama vipofu, vilema, wagonjwa, haya mpelekee liwali wako tuone kama ataridhika. Mi hapo huwa nacheka peke yangu. Mbuzi mwenye chongo namjua, mnunuzi akifika tunamgeuza ule upande wa jicho zima, na siku nyingine anapita. Kama manabii walitaka sadaka zife, Malaki ya nini kugombana na watu kuhusu ubora wa mnyama?

Nakubali Yeremia 7:22 ni ngumu. Anasema kwa kinywa cha Mungu kwamba siku alipowatoa baba zao Misri hakuwaamuru habari za sadaka za kuteketezwa, na huyu ni mtoto wa makuhani wa Anathothi, siyo mgeni wa mambo ya hekalu. Wapo wanaoilainisha kwamba maana yake ni "siyo hilo tu", mi naona kaisema kwa ukali makusudi na ukali wake ubaki. Lakini Wayahudi wenyewe hawajaificha, kwenye ratiba yao ya kawaida ya Sabato, juma wanalosoma sheria za sadaka za Walawi kuanzia pale sura ya 6 ndo hilohilo wanamsomea Yeremia 7 kuanzia mstari wa 21, vyote ibada moja. Waliopanga hivyo hawakuona lazima mmoja anyamazishwe.

Mwisho, makala imenukuu Zaburi ya 51, kwamba hupendezwi na dhabihu, dhabihu za Mungu ni roho iliyovunjika, ikakata hapo mstari wa 17. Zaburi ina mistari 19. Hiyo miwili iliyobaki inaomba kuta za Yerusalemu zijengwe, ndipo Mungu atapendezwa na dhabihu za haki na ng'ombe watatolewa juu ya madhabahu. Naomba toleo lijalo muichape na hiyo.

Msomaji wenu,
Dodoma