Dada, nimalizie ile hadithi

Dada shikamoo. Tangu ile arobaini simu zangu hupokei, basi nakuandikia huku, na wengine wakisoma sawa tu.

Nimenunua kitabu cha hadithi fupi za kutisha, waandishi 14, nimekimaliza siku tatu hapa Mikindani. Vitabu vya hivi kila mtu anakutisha kivyake, mmoja anamwaga damu toka mstari wa kwanza wala hushtuki, unageuza ukurasa mwenzie anakuelezea jiko tu, sufuria na kigoda, unajikuta unaangalia mlango. Edgar Allan Poe aliandika mwaka 1842 kwamba kisa kifupi kisomwe kikao kimoja, nusu saa mpaka masaa mawili, ukikikatiza nguvu yake inapotea. Si kweli dada. Ulichokikatiza wewe ninacho mpaka leo.

Msimu ule wa korosho, wakubwa wote wako shamba Nanyamba, tumebaki na bibi. Kibatari, bakuli la ming'oko, wewe upo fomu 3 unatusomea lile likitabu la Kiingereza unatafsiri hapo hapo, na ulikuwa fundi jamani, maiti wa kizungu ukamgeuza ndondocha, yule mfu anayefugwa na wachawi, tukamuona kabisa. Mtoto kalala, sauti inamwita nje ya mlango. Ukafunga kitabu, ukasema kesho. Halafu ukasema ukiitwa usiku mara moja usiitike, ndo yeye huyo. Ukazima kibatari.

Bibi aliniita mara moja. Jina langu, halafu maji. Nikajifunika kanga gubigubi mpaka adhana ya alfajiri, na tulipofungua mlango wake alikuwa ameshapoa.

Ndondocha anakatwa ulimi, kusini huku nani asiyejua hilo, sasa angeniitaje jina? Nilikuja kuliwaza hilo nimeshakuwa mtu mzima, nipo sokoni nanunua samaki, nikaziacha pesa mezani nikaondoka.

Nasikia unawasomea wanao. Wasomee, ni jambo zuri, ila usiwakatizie, wamalizie usiku huo huo hata kama wanasinzia. Mimi wangu nawamalizia. Mtoto wa miaka 8 akiambiwa na mkubwa wake asifungue, asipofungua kosa lake nini? Maana pale msibani ulisema mbele za watu kwamba mimi ndo nililala karibu na mlango. Nililala mlangoni kwa sababu wewe ulikataa kulala pale dada, ulikuwa unaogopa, na hilo hukulisema.

Siku ile ile ulinisuka, mikono inakutetemeka, ukanilisha uji kwa kijiko kama mtoto mchanga. Na hilo nalikumbuka.

Hadithi yenyewe humu haimo. Kila mkusanyiko ninaouona naununua, naitafuta, siipati. Kama lile likitabu bado unalo, niambie tu, yule mtoto alifungua au hakufungua?